Barua Zenu: Mwenye Jasho na Mwenye Ploti, Nani Analipa Zaidi?

Mwezi wa sita ukishaingia barua zenu huwa za aina moja, juu tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kufaili kodi na kila mtu anakumbuka PIN yake akiwa amebakisha siku tatu. Lakini mwaka huu kuna kitu kimebadilika. Hamniulizi tu vile fomu inajazwa, mnaniuliza kama kodi yenyewe ni ya haki, na wengine mmeenda mbali zaidi mkauliza kama kweli mtu huwa tajiri kwa bidii yake. Hilo swali nimelibeba tangu nikiwa mtoto mdogo Majengo hapa Nairobi, kwa hivyo mnivumilie mahali nitaongea sana. Nimechagua barua nne, na majina nimeyaficha kama kawaida.

Dada, habari ya siku. Mimi nakaa Pipeline na kazi yangu ni ya kiwanda huku Industrial Area. Mshahara ni 50,000 lakini kwa benki inaingia 39,000 na kitu. Saa kumi na nusu asubuhi niko steji. Mwenye ploti yetu huamka vile anataka, tarehe tano ikifika anatuma keateka apite mlango kwa mlango na kitabu. Nataka uniambie ukweli, huyo mtu analipa kodi kama mimi? — Nimechoka, Pipeline

Kaka, hapana. Halipi kama wewe, na nitakuonyesha kwa hesabu ndio usidhani ni hasira naongea.

Tuanze na karatasi yako ya mshahara. Kwa viwango vya mwaka 2025, kwa hiyo 50,000 inatoka 3,000 ya NSSF, 1,375 ya SHIF, ile bima ya afya, ambayo ni asilimia 2.75, na 750 ya zile nyumba za serikali, asilimia 1.5. Inabaki 44,875 na hiyo ndiyo inapigwa PAYE, kodi ya mshahara. Elfu 24 za kwanza zinakatwa asilimia 10, zile 8,333 zinazofuata asilimia 25, na kutoka hapo ni asilimia 30. Ukitoa ule msamaha wa 2,400 wa kila mwezi PAYE yako inafika kama 5,846. Yote pamoja imetoka 10,971, ndio maana unaona 39,029. NSSF ni akiba yako ya uzeeni hiyo tusiihesabu kama kodi, lakini hizo zingine zimeenda kabla hujazishika mkononi.

Sasa twende kwa mwenye ploti. Sheria inasema mtu anayekodisha nyumba za kuishi akipata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, analipa asilimia 7.5 ya pesa anazokusanya na mambo yameishia hapo. Tuseme hiyo gorofa inamwingizia laki tano kwa mwezi, na wewe unajua milango iko mingapi kwa gorofa moja ya Pipeline. Anatakiwa kulipa 37,500. Mtu aliyeandikwa kazi kwa mshahara wa laki tano hiyohiyo, daktari bingwa tuseme, PAYE yake inapita 130,000. Pesa ni ileile, mmoja amesimama kwa chumba cha upasuaji mpaka usiku na mwingine ametuma keateka na kitabu.

Nitasema pia upande wake, juu si haki kumnyamazisha. Hiyo 7.5 inakatwa kwa pesa yote iliyoingia, hawezi kutoa ya fundi wa mabomba wala riba ya benki, na kuna wenye ploti wanaolala na deni kubwa kuliko mshahara wako wa miaka kumi. Hilo nimelielewa. Lakini kiwango hicho kilikuwa asilimia 10 na kikashushwa kuanzia Januari 2024, wakati huohuo mwenye mshahara alikuwa anaongezewa makato moja baada ya nyingine. Mshahara ni rahisi kukata, mwajiri anakatia serikali kazi yote na hakuna mtu wa kukimbizana naye kwa ngazi. Na Kiswahili chetu zote mbili kinaziita kodi, ile unampelekea keateka tarehe tano na ile inaenda serikalini, na wewe kaka unazilipa zote mbili, na zile 37,500 za mwenye ploti zimetoka kwa mifuko yenu nyinyi wapangaji.

Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Imeandikwa hivyo. Si ombi.

Mimi nauza mboga hapa Githurai 44. Juzi mteja ameshika sukuma yangu mkononi ananiambia ati sisi watu wa mboga hatulipi kodi ndio maana nchi haiendi. Niliumia sana. Na pia nauliza, mimi nafaa kufaili? — Mama wa Watatu

Mama, pole kwa hayo maneno, na huyo mteja amekosea.

Kila ukinunua mche wa sabuni au mafuta ya kupika ya shilingi 116, shilingi 16 hapo ni VAT, kodi inayofichwa ndani ya bei. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida havina, na gesi ilitolewa VAT Julai 2023, lakini wangapi kwenu wanapikia gesi mwezi mzima bila kurudi kwa stovu? Mafuta taa yana VAT na ushuru, na juu yake tangu 2018 kuna shilingi 18 kwa kila lita iliyowekwa ndio watu wa petroli waache kuyachanganya na dizeli. Mchanganyaji alikuwa na tangi, anayelipa hizo 18 ni mama ameshika chupa. Ukituma pesa kwa simu, ile ada unayokatwa ina ushuru wa asilimia 15 ndani. Na tikiti ya kanjo bado sijaitaja.

Halafu angalia hivi. Mtu wa 20,000 anazimaliza zote kwa duka, kwa hivyo VAT inamgusa karibu kila mahali anaweka mkono. Mtu wa milioni anakula laki tatu, zingine ananunua shamba, na shamba halina VAT. Ukipima kwa kile mtu amebaki nacho utaona ni nani amebeba mzigo.

Kuhusu kufaili, ndiyo, kama una PIN faili. Ukichelewa faini ni 2,000 na hiyo ni stoku yako ya asubuhi nzima. Faida yako kwa mwaka ikiwa chini ya 288,000, ule msamaha wa 28,800 unameza kodi yote na hulipi kitu, lakini fomu lazima ijazwe. Kama mauzo yako, mauzo sio faida, yamepita milioni moja kwa mwaka, hiyo ni kama 2,740 kwa siku, kuna kodi ya asilimia 3 ya mauzo. Andika kila siku kwa kadaftari hata kama ni kwa penseli. Mali bila daftari huisha bila habari, na siku mtu wa kodi akikuja daftari lako ndilo litaongea.

Dada mhariri, mimi ni mwanamke niliyejitafutia. Nilianza Gikomba 2006 na robota moja, shangazi alinikopesha 15,000. Saa kumi usiku niko soko, mimba ya miezi minane niko soko. Leo niko na maduka matatu na nyumba za kupangisha Ruaka. Kila mwaka nasikia ati matajiri waongezewe kodi. Huko ni kuadhibu bidii. Waliolala walipiwe na sisi tulioamka? Mungu mwenyewe anaomba fungu la kumi kwa kila mtu, awe maskini awe tajiri. Serikali ingefanya hivyo tu, asilimia ileile kwa wote, tuone nani atalalamika. — Mama Biashara, Kilimani

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu na nimeiheshimu, juu najua Gikomba ya saa kumi usiku ni kitu gani, matope yake nayajua na moto wake naujua. Jasho lako hakuna mtu wa kulidharau hapa. Na kwa ile kodi ya asilimia 3 ya mauzo niko upande wenu kabisa watu wa biashara. Mtu wa mitumba ambaye faida yake ni shilingi kumi kwa kila mia akikatwa tatu kwa mauzo, ametolewa karibu theluthi ya faida, na mwezi wa hasara bado anakatwa. Hiyo Julai 2023 walipoitoa asilimia moja wakaipeleka tatu walifanya kosa, na nimeisema kwa ukurasa huu kabla.

Lakini hilo la waliolala na walioamka, hapo siwezi kukubali, na nitakueleza kwa nini.

Baba yangu alisukuma mkokoteni soko la Marikiti miaka 22. Saa nane usiku alikuwa ameshatoka, juu lori za viazi kutoka Nyandarua huingia usiku, na anayefika wa kwanza ndiye anapata mzigo. Gunia kumi, Landhies Road mpaka Gikomba, matatu zinakupigia honi kutoka nyuma na wewe huwezi kusimama. Nyuma ya mkokoteni kuna kipande cha tairi kuukuu, ukiteremka unainua mikono ya mbele ndio nyuma ishuke tairi isugue lami, hiyo ndiyo breki yako, hakuna nyingine, na mzigo ukikushinda nguvu ni wewe na gunia zako kwa mtaro. Viganja vyake vilikuwa vigumu hivi kwamba alikuwa anageuza chapati kwa kikaango na vidole, sisi watoto tunacheka tunamwambia afanye tena.

Mkokoteni haukuwa wake. Mwenyewe alikuwa nayo kumi na moja, anakaa kwa kibanda cha chai na daftari, jioni kila mtu analeta kodi ya siku, uwe ulipata mzigo uwe hukupata. Siku za mvua mzee alikuwa anakopa ndio alipe. Siku mgongo ulimshika hakuweza kuinuka kitandani, mkokoteni ulipewa mtu mwingine asubuhi hiyohiyo. Miaka 22 na hakuacha hata gurudumu moja lake.

Niambie dada, huyo alilala wapi?

Wahenga walisema kupata si kwa werevu na kukosa si kwa ujinga, na sidhani walisema hivyo kwa sababu ya uvivu. Rudi kwa barua yako mwenyewe. Umeandika kwa mstari mmoja ukapita haraka, shangazi alinikopesha 15,000. Baba yangu hakuwa na shangazi wa 15,000. Angekuwa naye angenunua mkokoteni wake mwaka wa kwanza, wa pili akanunua wa mwingine akaukodisha, na leo pengine mimi ningekuandikia kama mwenzako wa Kilimani. Bidii ilikuwa ileile ya saa kumi usiku kwa nyinyi wawili, pengine mlipishana Landhies Road gizani. Kilichowatenganisha ni shangazi.

Na kuna pesa nyingine ambayo haijui kabisa saa kumi usiku. Jirani ya nyanya yangu huko Juja alirithi eka mbili kwa baba yake, miaka yote ni mahindi na mbuzi. Mwaka 2009 Thika Road ikaanza kupanuliwa, Novemba 2012 Rais Kibaki akaifungua, na shamba lililokuwa porini likawa dakika chache kutoka Kasarani. Mwaka 2013 akauza nusu eka, akajenga gorofa kwa iliyobaki. Hakuinua jembe. Barabara ilijengwa kwa kodi na mikopo ambayo sisi sote tunailipa, mama wa Githurai na chupa yake ya mafuta taa yumo ndani. Na kwa ile faida ya kuuza hakukatwa hata senti ya kodi, juu kodi ya faida ya mali ilikuwa imesimamishwa tangu 1985 na haikurudi mpaka Januari 2015, ikarudi kwa asilimia 5. Saa hii ni 15. Mshahara ukipita 32,333 unakatwa 30. Mwenye hisa akipewa gawio anakatwa 5. Na mtoto akirithi gorofa kumi kwa baba, kodi ya urithi ilifutwa nchi hii mwaka 1982, hailipwi. Mimi simchukii huyo jirani, ni mtu mzuri na alitulipia matanga ya nyanya. Nasema tu kwamba nchi yetu inakata jasho zaidi kuliko inavyokata bahati, na wewe dada uko upande wa jasho, hufai kuwa wakili wa bahati.

Sasa fungu la kumi. Nimelelewa kanisani, nalijua. Lakini Biblia hiyohiyo ina mjane aliyetia senti mbili hekaluni, na Yesu akasema ametoa kuliko matajiri wote, juu wao walitoa kwa kilichozidi na yeye akatoa riziki yake yote. Yesu alihesabu kile mtu amebaki nacho. Na nikiwa Majengo nimelelewa pia na majirani Waislamu, na zaka yao inaniambia kitu kikubwa. Ni asilimia 2.5, inatolewa kwa mali iliyokaa mwaka mzima, akiba, dhahabu, bidhaa za biashara. Asiyefika kiwango chake hatoi, yeye ndiye anapewa. Yaani inaanza kwa mali iliyotulia, haianzi kwa kibarua cha leo.

Asilimia kumi ya 20,000 ni 2,000, na nyumba nyingi Mathare hiyo ni unga na makaa ya wiki mbili. Asilimia kumi ya milioni ni laki moja, na huyo wa milioni bado anabaki na laki tisa, hakuna mtoto wake atalala njaa wala kurudishwa shule. Asilimia ni moja lakini maumivu sio mamoja.

Mahali tunakutana mimi na wewe ni hapa. Ukilipa halafu uone pesa zimeenda kwa magari ya wakubwa na safari, roho inauma, na mtu akikuambia ulipe zaidi unamwona adui. Hiyo hasira ni ya haki. Ipeleke kwa anayekula, usiielekeze kwa anayesukuma mkokoteni.

Binti yangu, mimi ni mzee wa miaka 81, nilifanya kazi reli na sasa niko Kaloleni. Mjukuu wangu amemaliza chuo, anakaa tu na simu, na mwaka 2024 alikuwa kwa maandamano ya kodi. Sisi tulilipa bila kelele na tukafanya kazi. Hiki kizazi kimeharibiwa na nini? — Babu wa Kaloleni

Babu, heshima zako. Umeandika kwa kalamu, mwandiko umenyooka, nimefurahi kuushika.

Nitakujibu kwa adabu lakini sitakudanganya. Wazee wetu hawakulipa bila kelele. Kodi ya nyumba iliwekwa hapa 1901, kodi ya kichwa ikafuata 1910, na hazikuwa za kutafuta pesa tu, zilikuwa za kumtoa mwanaume kwa shamba lake akatafute shilingi kwa shamba la mzungu. Bidii walikuwa nayo hao, wee, na utajiri ulienda wapi? Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi wakati kodi imepanda. Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika hapa mjini wakati huo, akasema hapana, akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu wakajaa nje ya kituo cha polisi hapa mjini. Mary Muthoni Nyanjiru akawaambia wanaume kama wameogopa wavue suruali wampe. Polisi wakapiga risasi, wakafa zaidi ya watu 20. Hapo karibu ndipo leo iko Harry Thuku Road. Baba yako pengine alikuwa mtoto wakati huo na hadithi aliisikia.

Mwaka 2024 bili ya fedha, ule mswada wa kodi wa kila mwaka, ilitaka VAT ya asilimia 16 kwa mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mjukuu wako alienda kwa sababu ya mkate, Babu. Tarehe 25 Juni vijana walikufa, na siku iliyofuata rais akasema hataisaini. Mtoto anayesimama juani kwa ajili ya bei ya mkate wa nyumba yenu mimi siwezi kumwita mvivu. Na reli ilikuandika ukiwa na umri gani? Muulize yeye ametuma barua ngapi za kazi kwa hiyo simu unayoiona amekaa nayo, umwache akuhesabie.

Halafu naomba kitu kimoja. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili bili ya fedha inafika bungeni, na mwezi wa tano bunge linaita maoni ya wananchi. Watu wengi hawaandiki, wanaoandika ni mabenki na makampuni, na ndio wanasikizwa. Mwezi huo ukifika andika ukurasa mmoja kwa huo mwandiko wako. Andika kuhusu zile shilingi 18 za kila lita ya mafuta taa nilizomwambia mama wa Githurai. Mjukuu ataupiga picha na hiyo simu na kuutuma, na nakala mniletee hapa nitaichapisha.